Koki ya Chini

Jioni ya kwanza niliyofanya kazi kwa mjomba, nilidhani kazi imekwisha. Jeki zilikuwa ndani, mitaimbo imepangwa, beseni la kupimia tyubu limemwagwa maji, kompresa imezimwa. Mimi tayari nanawa mikono kwa sabuni ya unga nikiwaza ugali. Mjomba akachukua kopo tupu la maziwa, akachutama kando ya mtungi mwekundu wa upepo, akapeleka mkono chini ya tumbo lake na kuzungusha kitu ambacho mchana kutwa sikukiona. Upepo ukatoka kwa kishindo kifupi, kisha ukaanza kutema maji. Yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Alipomaliza alinipa kopo nilinuse. Harufu yake ilikuwa ya kutu na oili.

“Ulidhani humu mna upepo tu?” akaniuliza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Mama alinituma Chalinze kwa kaka yake ili nisikae bure mjini. Anayeijua Chalinze anajua kwamba ni mahali pa kupita: barabara kutoka Dar es Salaam inafika pale na kugawanyika, moja inakwenda Morogoro na mbele yake Dodoma na Zambia, nyingine inashika kaskazini kupitia Msata na Segera kuelekea Tanga, Moshi na Arusha. Magari hayakatiki usiku wala mchana, na penye magari pana pancha. Kijiwe cha mjomba kilikuwa kibanda cha mabati, mti mmoja wa mwarobaini, kompresa ya injini na rundo la matairi yaliyochoka. Ule mtungi mwekundu ndio uliomtofautisha na wenzake. Wenzake walingoja gari liletwe, yeye aliweza kulifuata lilipokwama.

Ulikuwa mtungi wa lita 40, wenye miguu miwili ya chuma na mshikio juu. Kichwani ulikuwa na geji, valvu ya kujazia kama ile ya tairi, valvu ya usalama yenye kipete cha kuvuta, na koki iliyounganishwa na mpira wa mita moja na nusu wenye nozeli mwishoni. Ubavuni palikuwa na kibati kilichogongwa maandishi. Somo la kwanza la mjomba lilikuwa kunisomesha kibati hicho kwa sauti: ujazo wake, na shinikizo la juu kabisa unaloruhusiwa kubeba, paundi 125 kwa inchi ya mraba. “Mtungi usio na kibati hauna jina,” alisema. “Na wewe usijaze kitu kisicho na jina.”

Kuujaza kulionekana kazi ya dakika mbili. Kwa mjomba ilikuwa na utaratibu wake, na hakuruhusu hatua irukwe. Kwanza uhakikishe koki ya mpira imefungwa. Kisha uvute kipete cha valvu ya usalama kidogo, usikie kwamba inapumua na kurudi yenyewe, maana valvu iliyoganda kwa kutu ni pambo. Uupapase mtungi mzima kwa kiganja, hasa chini, ukitafuta rangi iliyovimba au mahali palipobonyea. Uugonge kwa spana: chuma kizima hulia kama kengele na mlio wake hukaa, chuma kilicholiwa hutoa sauti fupi na butu. Ndipo utoe kofia ya valvu, upulize vumbi, uchomeke mpira wa kompresa, usimame ubavuni na kuangalia geji. Mjomba alikomea 120. Zile 5 zilizobaki aliziachia jua.

Jua lina sehemu yake kweli. Mtungi uliojazwa 120 asubuhi ya nyuzi joto 27, ukisahauliwa nyuma ya pikapu mpaka chuma kifike nyuzi 60, unakaribia 135 bila mtu kuuongezea hata pumzi moja, na hapo umekwisha kuvuka kile kilichoandikwa kwenye kibati. Ndiyo sababu mahali pake palikuwa chini ya mwarobaini, na kivuli kilipohama nasi tuliuhamisha.

Kinyume cha hapo kilinisumbua katika wiki yangu ya kwanza. Niliujaza jioni, geji ikasema 120. Asubuhi ikasema 112. Nilikwenda kwa mjomba nikiwa na hakika kwamba unavuja. Hakubisha. Alinipa kopo la povu la sabuni na brashi, akaniambia nipake kila kiungo: shingo ya geji, valvu, koki, kichwa cha mpira. Nilikaa nikitazama povu kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Hakuna lililofura. Akaniagiza niujaze tena kisha niweke kiganja juu ya tumbo lake, nikakuta una joto. Upepo unaobanwa hupata joto, na upepo wenye joto husukuma zaidi. Ukipoa, mshale hurudi nyuma ingawa hakuna kilichotoka. Tangu siku ile nikawa mtu wa kungoja mtungi upoe ndipo niuamini mshale wake.

Safari yangu ya kwanza na mtungi ilikuwa barabara ya Morogoro, upande wa Mdaula. Familia moja ilikuwa imekwama na Noah yao: matairi mawili ya kushoto yamepita juu ya mbao zenye misumari zilizodondoka kutoka kwenye lori, na lile la akiba walipolishusha walikuta halina upepo kabisa, kwa sababu tangu linunuliwe hakuna aliyelikumbuka. Kulikuwa na bibi kizee ndani ya gari, na watoto wawili waliokwisha kulia wakachoka. Tuliufunga mtungi kwa kamba za mpira kwenye kiti cha pikipiki, mjomba akaendesha, mimi nikaushika kwa mikono miwili.

Tuliziba matundu, tukaanza kujaza. Nilipobana nozeli juu ya valvu ya tairi la kwanza na kufungua koki, nilihisi mpira ukikakamaa mkononi, na kichwa cha chuma kikapoa mpaka kikatoa jasho, katika joto lile la saa nane mchana. Tairi likajinyanyua, mikunjo ya pembeni ikanyooka. Tukalipa 32. Geji ya mtungi ikashuka kutoka 120 hadi karibu 92. La pili, likabaki 64. La akiba, likabaki 36. Bibi yule akatushukuru kwa dua ndefu.

Kabla hatujaondoka alisimama mwenye teksi, Corolla nyeupe, tairi lake la nyuma limelala. Akaomba naye atiwe. Mjomba aliangalia geji, akamwambia: “Kaka, nitakutia, lakini halitafika 20. Utakwenda polepole mpaka Chalinze, pale nitakumalizia.” Tukachomeka. Upepo ulikwenda, ukapungua nguvu, ukanyamaza. Geji ya mtungi ilisoma 19. Tulipolipima tairi, nalo lilisoma 19.

Nilisimama nikitazama geji zile mbili. Darasani nilikuwa nimekariri kanuni ya Robert Boyle, aliyoichapisha mwaka 1662: hewa ikiwa na joto lile lile, ukiipa nafasi mara mbili shinikizo lake hurudi nusu. Nilijibu swali lake kwenye mtihani. Lakini sikuwahi kuiona ikisimama mbele yangu kwa sura ya mshale uliogoma. Mtungi wa lita 40 wenye 120 na tairi la gari dogo lenye nafasi ya lita 35 hivi: kila tairi linalotoka sifuri hadi 32 linaondoa 28 kwenye mtungi. Matatu yanajaa. La nne linagawana na mtungi kilichobaki, na vikilingana upepo hausogei tena, hata ukiubana mpira mpaka usiku. Mtungi haumwagi wote ulichonacho. Hutoa mpaka ulingane na unayempa, basi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoniletea aibu usiku mmoja mwezi uliofuata. Utingo wa lori la Zambia alikuja akikimbia: tairi la ndani la nyuma limekwisha upepo, na dereva wake hataki kusogea na mzigo ule. Mimi nilikuwa peke yangu mbele ya kibanda. Nikauona mtungi umejaa, nikaona na noti mkononi mwa utingo, nikasema, “Twende, tutajaribu.” Mjomba alikuwa nyuma akila. Alitoka na tonge mkononi.

“Tairi la lori lina tumbo kubwa kuliko huu mtungi mara tatu na zaidi,” alimwambia yule kijana kwa upole. “Linataka 110. Huu mtungi ukilipa vyote halifiki hata 30. Fungueni gurudumu mlilete hapa, kompresa ipo.” Utingo akarudi kufungua nati. Mjomba akanigeukia: “Usimwambie mtu tutajaribu wakati hesabu unaijua. Angekulipa, mngetembea gizani, na mwisho angebaki na tairi bovu na hasira. Hapo ungekuwa umemsaidia nini?”

Nimeyabeba maneno hayo kwenye kazi nyingine nilizofanya baadaye, na yamenisaidia kusema hapana mapema, mahali ambapo hapana iliyochelewa ingemuumiza mtu. Hata hivyo, somo kubwa la kijiweni lilikuwa lile la jioni ya kwanza, na nilichelewa kulielewa.

Kila jioni ilikuwa vilevile: kopo, koki ya chini, kishindo, maji. Koki ya mtungi, kisha koki ya kompresa ambayo yenyewe ilitoa maji kiasi cha kujaza glasi katika miezi ya masika. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Maji yatoke wapi, nilijiuliza, kwenye chombo kilichofungwa ambacho hakuna mtu aliyekitia maji? Siku moja nilimuuliza, akanijibu kwa kunyoosha kidole kwenye chupa ya soda baridi iliyokuwa mezani, imelowa nje. “Hayo nani kayamwaga?” Maji yalikuwa hewani muda wote.

Baadaye sana nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Hewa ya ukanda wetu, kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa kawaida, hubeba gramu 20 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kuujaza mtungi wa lita 40 hadi 120 kunahitaji kubana ndani yake zaidi ya lita 300 za hewa ya nje. Hewa hiyo ikiisha kupoa ndani ya nafasi finyu haiwezi kushika maji yake yote, inayaangusha. Kila ujazo mmoja una maji yanayokaribia kijiko cha chai. Mengine hubaki kwenye kompresa, mengine huingia na upepo wenye joto na kudondokea ndani ya mtungi. Kijiko kimoja si kitu. Lakini mtungi hujazwa leo, kesho na keshokutwa, na maji hayatoki kwa njia ya upepo, kwa kuwa upepo hutokea juu nayo yamelala chini. Pale chini hukutana na chuma kitupu, pamoja na hewa iliyobanwa yenye oksijeni tele. Kutu haihitaji zaidi ya hapo.

Aliyenifundisha uzito wa jambo hili alikuwa jirani yetu. Alikuwa kijana mwenye bidii, kijiwe chake hatua mia moja kutoka kwetu, na alitamani mtungi kama wa mjomba. Mpya ulikuwa ghali. Akapata chupa ya gesi ya friji, ile ya kutumia mara moja na kutupwa, mafundi wa viyoyozi huziacha tele. Akachomelea valvu, akafunga geji na mpira, akaipaka rangi ya buluu. Ilifanya kazi vizuri. Kwa miezi kadhaa alikuwa akitupita barabarani ameifunga kwenye baiskeli, akitusalimia kwa mkono mmoja. Mjomba alimwendea mara mbili kumkanya. Kijana alimsikiliza kwa adabu, akajibu, “Mzee, mbona haijavuja hata siku moja?”

Ilipasuka saa saba mchana wakati anaijaza. Sisi tulisikia mlio mmoja, kisha bati likianguka, kisha kimya ambacho sijakisikia tena Chalinze. Tulipofika tulikuta paa la kibanda chake lina tundu na ile chupa iko ng'ambo ya barabara. Yeye alikuwa amegeuka kupokea hela kutoka kwa mteja, na kugeuka kule ndiko kulikoyaokoa maisha yake. Goti lake lilivunjika, na sikio moja halikurudi kama zamani. Mteja alipata michubuko. Tuliwapakia kwenye gari la kwanza lililokubali kusimama.

Watu walipotawanyika, mjomba aliokota kipande cha kitako cha chupa ile. Kwa nje rangi ya buluu ilikuwa bado inang'aa. Kwa ndani palikuwa na magamba mekundu yaliyobanduka kwa kucha, na baada ya magamba chuma chembamba kama bati la kopo la samaki. Alikiinua juani. Vidoa vitatu vya mwanga vilipenya.

Chupa za aina ile hutengenezwa kwa chuma chembamba kwa sababu safari yake ni moja: kubeba gesi kavu, kuimaliza na kutupwa. Hazina koki ya chini kwa kuwa aliyezitengeneza hakutarajia maji. Kila jioni kijana yule alipoondoka akiwa amechoka na amefanya kazi ya halali, kijiko kingine kilibaki ndani. Hakuona, hakusikia, na rangi haikumwambia kitu.

Watu hudhani upepo si kitu kwa kuwa hauonekani. Lakini nguvu iliyolala katika mtungi wa lita 40 wenye 120, kama ingetumika yote kwa kazi ya kunyanyua, ingetosha kulipandisha gari la tani moja hadi urefu wa paa la nyumba. Ikitoka taratibu kupitia tundu la nozeli ni rehema kwa msafiri, na ikitoka yote kwa pamoja kupitia kitako kilichooza hakuna paa la kuizuia. Ndiyo maana mjomba hakuruhusu mtu ajipulize vumbi nguoni kwa mpira wa upepo, wala vijana wataniane kwa kuelekezeana nozeli. Upepo wa namna ile unaweza kupasua kiwambo cha sikio, kuharibu jicho, hata kupenya kwenye kidonda na kuingia mwilini. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kwa hilo alipaza sauti.

Miaka baadaye nilikuwa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, nikawakuta vijana wanaowahudumia wapiga mbizi wakipanga mitungi yao. Ile ni ya dunia nyingine: lita 11 au 12 tu, lakini hujazwa hadi bar 200 hivi, yaani paundi zinazokaribia 3,000, na hewa yake huchujwa na kukaushwa kabla ya kuingia kwa kuwa mtu ataivuta mapafuni. Nilimuuliza mmoja wao wanahofia nini zaidi. Hakutaja shinikizo. Aliniambia kwamba kila mwaka mtungi hufunguliwa kichwa, ukamulikwa ndani kwa taa, kutafuta unyevu, kutu na ulikaji. Mtungi ule utazamishwa chini ya bahari wakati nje yake yote ni maji, na wao wanachungulia tone moja lililo ndani. Nikamkumbuka mjomba na kopo lake.

Kule kwa wapiga mbizi nikajifunza pia jambo ambalo mjomba angelipenda. Mtungi ukitakiwa kupimwa nguvu zake, haujazwi hewa. Hujazwa maji mpaka juu, kisha maji hayo hushinikizwa kupita kiwango cha kazi. Maji hayabaniki kama hewa, hayaweki akiba ya nguvu, kwa hiyo chuma kikishindwa kinapasuka bila kuruka. Maji yale yale yanayoua mtungi yakisahaulika ndani, yakitiwa kwa makusudi ndiyo yanayosema ukweli wake.

Siku hizi nakaa Dar es Salaam na ninao mtungi wangu mdogo, wa lita 20. Marafiki hunionyesha pampu za umeme zinazochomekwa kwenye gari, ni nyepesi na bei yake si mbaya, nami sizibezi. Lakini pampu huchukua dakika kadhaa kwa tairi moja na inataka betri iliyo hai, wakati mtungi hutoa ulichowekewa papo hapo, kwa gari, pikipiki, toroli la jirani au mpira wa watoto. Huujaza kituo cha mafuta, nikikaa mimi mwenyewe kwenye geji. Sijazi zaidi ya kibati kinavyosema. Naufunga usiviringike ndani ya gari, sikubali ulale juani, na nikijua sitautumia wiki nzima naumwaga kabisa, kwa kuwa mtungi hauna faida kwa kukaa umevimba bila kazi. Na kila unapotumika, jioni yake nafungua koki ya chini. Kwangu maji hutoka machache, pengine matone tu. Nafungua hivyo hivyo.

Mwanangu wa kike ndiye anayeshika kopo. Aliwahi kuniuliza kwa nini nasumbuka wakati hamna kitu. Nikamwambia hamna kitu kwa sababu tunasumbuka. Sijui kama alinielewa. Nami kwa umri wake nisingeelewa. Nimeona nyumba, urafiki na hata vikundi vya kuweka na kukopa vikipasuka, na kila mara watu walitaja siku ya ugomvi, neno lililosemwa, fedha iliyopotea, kana kwamba mzigo wa siku ile ndio uliovunja. Nikichunguza naona shinikizo la siku ile lilikuwa la kawaida, walikuwa wamelibeba mara nyingi. Kilichokuwa kimebadilika ni kitako. Palikuwa na vijiko vidogo vya maneno yasiyosemwa, kila jioni kimoja, na hakuna aliyechutama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mjomba alikuwa akilitamka hilo huku anazungusha koki.

Mtungi mwekundu uliishi zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia siku ulipokwisha. Alifungua koki kama kawaida, maji yakatoka, na safari hii yalikuja na magamba ya kutu makubwa kama punje za mchele. Aliyamwaga kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba. Kisha akachukua spana akaugonga. Tulisikiliza wote wawili. Mlio ulikuwa mfupi.

Hakusema neno. Alitoa upepo wote mpaka mshale ukalala sifuri, akafungua geji, akafungua valvu, akaviweka pembeni kwenye kitambaa. Wakati huo alikuwa amesimama mtu wa pancha kutoka upande wa Msata, aliyekuwa akiutamani mtungi ule siku nyingi. “Mzee, niuzie mimi,” akasema. “Nitautumia kwa pikipiki tu, sitaujaza sana. Paundi 60 hazina neno.” Akataja bei, na haikuwa bei mbaya kwa mzee ambaye kazi zilikuwa zimepungua.

Mjomba akamwambia, “Leo utajaza 60. Kesho atakuja mwenye Hiace ana abiria, utajaza 100. Mimi nitakuwa nimelala kwangu na hela yako.”

Akaniomba mashine ya kutobolea. Aliulaza mtungi ubavu, akaweka goti juu yake, akatoboa tundu la kwanza kitakoni. Ncha ya chuma ilipenya haraka kuliko tulivyotazamia. Akatoboa la pili, na la tatu, ili asije mtu akaziba moja na kuujaza tena. Kisha alibandua kile kibati cha ubavuni kwa patasi, akakifuta vumbi kwa shati lake, akanipa.

Ninacho mpaka leo, kimetundikwa juu ya ule mtungi wangu wa lita 20. Maandishi yake bado yanasomeka.